Fani Tatu Badala ya Kumi na Mbili: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara

Hapa Lubumbashi tunacheza mchezo wa kuigiza wahusika kwa Kiswahili, mezani, kwa kete, kaye (daftari) na kalamu. Msingi wa kanuni zetu ni Dungeons & Dragons, toleo la tano, ila fani za wahusika tumezipunguza kutoka 12 hadi 3. Kila anapokuja mtu mpya, au mwendesha mchezo (anayesimulia hadithi na kusimamia kanuni) wa mtaa mwingine anapoomba fotokopi ya kanuni, maswali huwa ni yale yale. Tumeyaandika yote hapa na kuyajibu.

Fani ya mhusika ni nini?

Ni jibu la swali moja: mambo yakiharibika, mtu wako anafanya nini? Kuna anayeshika mkuki na kusimama mbele. Kuna anayezunguka nyuma kimyakimya. Kuna anayeita nguvu isiyoonekana. Fani ndiyo inayoamua una pointi ngapi za uhai, unatumia silaha gani, na ukipanda ngazi unaongezewa nini. Haisemi umezaliwa wapi, unakula kwa kazi gani, wala unamuogopa nani. Hayo ni maisha ya mhusika, na mwenyewe ndiye anayeyatunga.

Kwa nini mlizipunguza?

Kwanza kabisa, kwa ajili ya mtu mpya. Kitabu cha mchezaji cha mwaka 2014 kina kurasa zaidi ya 300, na sehemu kubwa yake ni fani na uchawi wa fani hizo. Zipo 12: mpiganaji, mbarbari, paladini (shujaa wa kiapo), mwindaji, mtawa wa ngumi, mwizi mjanja, badi (mwimbaji mwenye uchawi), kasisi, druidi (mwenye uchawi wa msitu), mwanachuo wa uchawi, mrithi wa uchawi na mwenye mkataba. Kila moja ina matawi yake ndani. Sasa mchukue mtu aliyetoka kazini, amekaa nasi kwenye lupango (uani) saa kumi jioni, hajui hata kete ya pande 20 inatupwa lini, halafu unamwambia achague kati ya mrithi wa uchawi na mwenye mkataba. Atauliza vinatofautianaje. Utaanza kueleza. Wenzake watatoa simu mfukoni. Jua litazama, umeme utakatika, na yeye bado hajaingia hata mlango mmoja wa hadithi.

Sababu ya pili tuliiona tulipozichambua fani zenyewe. Mpiganaji, mbarbari, paladini, mwindaji na mtawa, wote watano wanapata pigo la pili katika zamu moja wakifika ngazi ya 5. Kete za uhai, zinazoamua pointi za uhai unazoongezewa kila ngazi, kwa fani zote 12 ni za aina nne tu: pande 12, 10, 8 na 6. Mwanachuo wa uchawi na mrithi wa uchawi wanachota uchawi wao kwenye orodha ambazo kwa sehemu kubwa ni zile zile. Tofauti nyingi kati yao ni za hadithi: huyu amesoma, yule amezaliwa nao, mwingine ameupata kwa mapatano na kiumbe fulani. Hizo ni tofauti nzuri na tunazipenda. Lakini mchezaji anaweza kuzisema kwa sentensi moja, bila kuandikiwa kurasa sita za kanuni.

Sababu ya tatu ni mahali hadithi zetu zinapokaa. Hadithi zetu zinatokea kando ya mto Lufira, kwenye mabwawa ya Upemba, juu ya milima ya Kundelungu, katika nchi ya kubuni ambako watu wanalipana kwa misalaba ya shaba kama ile iliyotumika Katanga zamani. Mlinzi wa kiapo katika nchi hiyo hahitaji farasi na vazi la chuma la Ulaya. Fani ikiwa pana, mchezaji anaijaza kwa mambo ya kwao.

Je, huko si kuukata mchezo miguu?

Ukiangalia ulikotoka, hapana. Gary Gygax na Dave Arneson, waliobuni mchezo huu, walipoutoa mwaka 1974, fani zilikuwa tatu tu: mpiganaji, mwenye uchawi na kasisi. Mwizi aliongezwa mwaka 1975, pamoja na paladini, na mwaka huo huo wakaja mtawa na muuaji. Druidi alifuata mwaka 1976. Kuanzia hapo kila kitabu kipya kikaja na wageni wake.

Na hata wenye mchezo walihisi uzito huo. Toleo la pili, mwaka 1989, lilizipanga fani zote chini ya makundi manne: wapiganaji, wachawi, makasisi na wajanja. Mwaka 2004 kampuni inayomiliki mchezo ilichapisha kanuni za hiari zenye fani tatu za jumla, yaani mpiganaji, mtaalamu na mwenye uchawi. Anayetuambia tumebuni kitu cha ajabu, tunamwonyesha miaka hiyo.

Mtu anaweza kusema fani ziliongezwa kwa sababu wachezaji walizitaka. Ni kweli. Walitaka mhusika aliye tofauti na wa jirani yake, na kitabu kikawapa fani mpya kila walipoomba. Sisi tunaamini walichokuwa wanaomba kinaweza kupatikana ndani ya fani, na jibu la swali la kufanana, hapo chini, linaonyesha namna.

Fani zenu tatu ni zipi?

Mpiganaji, Mjanja na Mjuzi.

Mpiganaji ana kete ya uhai ya pande 10, anatumia silaha zote na ngao zote, na ngazi ya 5 inampa pigo la pili. Njia zake ni tano: Hasira, Kiapo, Mwindo, Ngumi na Nidhamu. Anachagua moja siku ya kwanza na haibadilishi.

Mjanja ana kete ya pande 8. Ana pigo la kuvizia, linaloanza na kete moja ya pande 6 na kuongezeka kete moja kila ngazi mbili. Ana ujuzi wa mambo manne, ambapo wenzake wana mawili. Njia zake: Kivuli kwa anayejificha, Ulimi kwa anayeshawishi watu, Mikono kwa fundi wa kufuli, mitego na dawa za miti.

Mjuzi ana kete ya pande 6 na anatumia siri, ndivyo tunavyouita uchawi wa mezani kwetu. Orodha ya siri ni moja kwa Wajuzi wote. Njia yake inasema anazipata wapi: Kitabu, Damu, Mapatano, Sala au Msitu. Kila njia inampa siri mbili ambazo hakuna mwingine anayezipata, na kitu kimoja anachokatazwa. Wa Msitu, kwa mfano, havai chuma. Wa Mapatano anadaiwa, na mwendesha mchezo ndiye anayeamua deni litadaiwa lini.

Ukurasa mmoja kwa kila fani, pande zote mbili. Mchezaji anapewa ukurasa wake, anaukunja ndani ya kaye, basi.

Kwa nini tatu na si nne? Kasisi ameenda wapi?

Hili lilitugawa kuliko yote. Kasisi ni mkongwe, yumo tangu 1974, na kikundi bila mganga kinakufa mapema.

Lakini tulikuwa tunaona jambo lile lile mezani: hakuna aliyetaka kuwa kasisi, na aliyekuja mwisho ndiye aliyeachiwa. Kazi yake ikawa kusubiri wenzake waumie. Mapigano yakianza, wengine wanaamua mambo, yeye anahesabu nani amebakiwa na pointi ngapi. Mtu hatoki mtaa wa Katuba kwa miguu kuja kufanya hivyo.

Kwa hiyo tuliugawa uganga. Siri ya kufunga jeraha, inayorudisha pointi za kete moja ya pande 8 na nyongeza ya mhusika (namba inayotokana na uwezo wake), iko wazi kwa kila Mjuzi wa njia yoyote. Mjanja wa Mikono anatibu kwa dawa za miti wakati wa pumziko. Mpiganaji wa Kiapo anaweka mkono juu ya aliyeumia na kumrudishia pointi, jumla yake ni tano mara ngazi yake kwa siku. Sasa kikundi cha watu wanne huwa na watu wawili wanaoweza kutibu, na wote wawili wana kazi nyingine.

Kuna jambo la pili ambalo watu wa hapa wataelewa. Wachezaji wetu wengi ni watu wa kanisa. Baadhi yao hawakujisikia vizuri kumhudumia mungu wa kubuni kila wiki kwa sababu tu kikundi kinahitaji mtu wa kutibu. Njia ya Sala imebaki kwa anayeitaka, na anayeitaka huicheza kwa moyo. Halazimishwi mtu.

Wahusika wa fani moja si watafanana?

Karatasi zao zinafanana. Wao hawafanani, na tuwape mfano.

Kikundi kilikuwa kinavuka Lufira kwa daraja la miti, na wabeba mizigo wenye misalaba ya shaba, wakati watu wa mwami (mtawala) mwingine walipotokea ng'ambo. Mezani tulikuwa na Wapiganaji wawili wa ngazi moja. Kete ile ile ya uhai, mkuki ule ule, nguvu sawa kabisa. Mmoja wa njia ya Hasira, anayechezwa na msichana wa chuo. Mwingine wa Kiapo, anayechezwa na papa (baba) mmoja fundi wa magari.

Wa Hasira hakungoja zamu ya mazungumzo. Aliruka majini, maji yakamfika kifuani, akawavamia kutoka chini ya daraja. Hasira inampa nyongeza ya 2 kwa kila pigo, na majeraha ya silaha yanamwingia nusu. Kwa hiyo alisimama mahali ambapo mwingine yeyote angeanguka. Wa Kiapo alikuwa ameshavuka. Mwanzo wa hadithi alikuwa ameandika kwenye kaye yake kwamba hamwachi mtu nyuma, na katikati ya daraja mbeba mzigo mmoja alikuwa amechomwa mshale. Akarudi.

Msichana akamwambia, "Papa, huyo mbeba mzigo hata jina hana!"

Papa akajibu, "Mwanangu, basi apewe jina, maana mimi simwachi."

Mwendesha mchezo alilazimika kumpa jina pale pale. Kikundi kilipoteza mizigo miwili ya shaba kwa ajili yake, na alibaki nao safari yote iliyofuata, anapika, anabishana, anajua njia za milimani. Fani ya hao wawili ilikuwa moja. Sidhani kuna aliyekaa mezani siku hiyo angesema walifanana.

Kinachowatofautisha ni njia, na sentensi tatu ambazo kila mchezaji anaandika kabla ya kurusha kete: anafanya kazi gani, ameahidi nini, na nani anamngoja nyumbani. Hizo tatu hatuzipunguzi kamwe.

Nikiweka nguvu zote kwenye orodha moja, kila mtu achague anazotaka, si ni rahisi zaidi?

Ni rahisi kuandika, lakini mezani ni balaa. Wengi wanaojaribu kupunguza fani wanaangukia hapa, kwa hiyo tutahesabu taratibu.

Chukua wahusika wa ngazi ya 5, nyongeza ya 4, upanga wa kete ya pande 8. Kete hiyo kwa wastani inatoa 4.5, kwa hiyo pigo moja ni 8.5. Mpiganaji mwenye mapigo mawili, yote yakipata, anatoa 17. Mjanja anapiga mara moja, 8.5, na pigo la kuvizia la kete tatu za pande 6 linaongeza 10.5: jumla 19. Wanakaribiana. Mjanja anazidi kidogo, lakini lazima avizie au awe na mwenzake karibu na adui, na akikosa pigo lake moja amekosa yote. Hiyo ni haki.

Sasa mruhusu mtu mmoja achukue vyote viwili. Anatoa 17 na 10.5, yaani 27.5. Muongezee Hasira, anafika 31.5, tena majeraha yanamwingia nusu. Mezani kwenu hakutakuwa na njia nyingine. Kila mtu atachagua hiyo hiyo, na fani zako tatu zitakuwa moja.

Ndiyo maana kwetu kuna vitu vitatu vilivyofungwa. Pigo la pili ni la Mpiganaji peke yake. Pigo la kuvizia ni la Mjanja peke yake. Siri zimepangwa kwa madaraja ya nguvu, na za kuanzia daraja la pili ni za Mjuzi peke yake. Mengine tunaweza kupeana. Mjanja anaweza kujifunza siri moja ndogo, Mjuzi anaweza kujifunza kutumia mkuki, hakuna kitakachobomoka. Ukitaka kubadilisha kanuni zetu, badilisha chochote ila hivyo vitatu uvifikirie mara mbili.

Naweza kuchanganya fani mbili?

Hapana. Njia zinatosha.

Mimi nilimpenda sana badi. Nifanye nini?

Jiulize badi wako alikuwa anafanya nini. Kama alikuwa anashawishi watu na kuponyoka kwenye hatari kwa maneno, ni Mjanja wa Ulimi. Kama nyimbo zake zilikuwa uchawi wenyewe, ni Mjuzi.

Mhusika tunayempenda kuliko wote wa aina hii ametoka karibu. Katika ufalme wa Baluba, watu wa chama cha Mbudye ndio waliotunza historia ya wafalme, na chombo chao kilikuwa lukasa, ubao wenye shanga na michoro. Aliyefundishwa anapapasa shanga kwa kidole na kusimulia: wafalme, safari, mahali patakatifu. Mchezaji mmoja kijana aliuliza, "Yaya, mimi nataka kuwa mtu wa namna hiyo, ni fani gani?" Tukamwandikia Mjuzi wa Kitabu, ila badala ya kitabu anashika ubao wake. Siri zake zote ni kumbukumbu. Akitaka kulizuia jeshi, anasimulia vita ambavyo babu zao walishindwa mahali hapo hapo. Akipoteza ubao amepoteza siri, kama mwanachuo aliyeibiwa kitabu. Hatukubadilisha hata kanuni moja.

Vivyo hivyo mhunzi wa shaba, anayejenga tanuru kwa udongo wa kichuguu kama walivyofanya wayeyushaji wa Katanga zamani: Mjanja wa Mikono. Fani pana inawapokea watu hawa. Ile nyembamba ingetudai tuwaandikie kurasa zao.

Kwa nini hamna fani za makabila au za viumbe, kama elfu (kiumbe wa hadithi mwenye masikio marefu) na kibete?

Katika toleo la mwaka 1981 la kanuni za msingi, elfu, kibete na halflingi (kiumbe mfupi wa hadithi) zilikuwa fani kamili: ukizaliwa elfu, fani yako ni elfu. Watu wengine wanatushauri turudi huko, kwa sababu inapunguza maamuzi. Inapunguza kweli.

Sisi tumekataa, na hatutabadili msimamo. Tunaishi Katanga, ambako mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya mkoa wa Kasaï walifukuzwa, majirani kwa majirani, kwa sababu ya walikozaliwa babu zao. Familia zilizoishi wakati huo ndizo zinazotuma watoto wao kwenye meza zetu. Hatuwezi kuwapa kanuni inayosema watu wa ukoo huu wamezaliwa wezi na wa ukoo ule wamezaliwa mashujaa, hata wawe viumbe wa kubuni. Mezani kwetu kila kiumbe anaweza kuwa wa fani yoyote, na ukoo hauongezi wala haupunguzi pointi. Unaongeza lugha unayojua na nyumba unakopokelewa usiku. Hayo mawili yana manufaa makubwa kwenye hadithi kuliko watu wanavyodhani.

Wachezaji wangu wa zamani wanakataa. Niwalazimishe?

Usiwalazimishe. Waombe wacheze hadithi fupi moja kwa fani tatu, na mtu mpya awepo mezani siku hiyo. Wamuangalie yeye.

Tuko katikati ya hadithi ndefu. Tunaweza kubadilisha sasa?

Mnaweza, lakini fanyeni wakati wahusika wanapumzika mjini, msifanye katikati ya pango. Mwache kila mchezaji abaki na ngazi yake, silaha zake na pointi zake za uhai kama zilivyo; kete mpya ya uhai ianze kuhesabika ngazi inayofuata. Mbarbari, paladini, mwindaji na mtawa wanakuwa Wapiganaji wa njia zao. Mwizi na badi wanaenda kwa Mjanja. Wenye uchawi wote wanaenda kwa Mjuzi. Badi anayeimba uchawi anaweza kuomba Mjuzi, kama tulivyosema.

Wanaoumia zaidi ni paladini na mwindaji, kwa sababu kwenye kitabu walikuwa na uchawi kidogo na kwetu wanaupoteza. Wapeni siri moja ya daraja la kwanza, mara mbili kwa siku, na mwaombe waeleze kwenye hadithi kwa nini nyingine zimeondoka. Paladini mmoja aliyeulizwa hivyo alitupatia miezi ya hadithi.

Hatuna kete za pande 20, tufanyeje?

Andikeni namba 1 hadi 20 kwenye vipande vya karatasi vinavyolingana, vikunjeni, tieni kwenye kikombe. Chomoa, soma, rudisha, tikisa. Kete za pande 6 ni za ludo, zipo kila mtaa.

Naweza kuchukua kanuni zenu na kuzibadilisha?

Ndiyo, chukua. Tumezijenga juu ya kanuni za msingi za toleo la tano ambazo tangu Januari 2023 ziko wazi chini ya leseni ya Creative Commons, na zipo pia kwa Kifaransa. Leseni hiyo inadai utaje zilikotoka, kwa hiyo acha mstari ulio chini ya kila ukurasa wa fani kama ulivyo, kisha ongeza wa kwako chini yake ukisema ulichobadilisha. Ukiwa Lubumbashi, tuletee nakala moja, tutaijaribu mezani na tutakuandikia tulipokwama.